Viungo vya Mtoto na Elimu Yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanaadamu katika umbo lililo bora, akampa masikio, macho na moyo, na akampa mikono ya kufanyia kazi na miguu ya kuendea. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.



Apitaye Old Kampala wakati wa alasiri, nyuma ya maduka na baina ya magorofa, husikia sauti za watoto wakisoma. Ni sauti ya baraka, na mtaa usiokuwa nayo ni mtaa wa kuhurumiwa. Lakini aingiaye ndani ya chumba hicho cha madrasa na kukaa kidogo, husikia pia neno moja likirudiwa kuliko maneno yote, nalo ni neno la mwalimu: "Tulia!" Mtoto wa miaka 4 ametikisa mguu: "Tulia!" Mwenziwe amegeuka kutazama ndege dirishani: "Tulia!" Wa tatu ameinuka kabisa, naye huyo hakuambiwa neno, ameonyeshwa fimbo.

Jambo la kuzungumzwa leo ni hilo neno moja. Je, mtoto mdogo anapotikisa viungo vyake huwa anaikimbia elimu, au anaitafuta? Swali hili si dogo. Mzazi hutoa mali yake na mwalimu hutoa umri wake, na mtoto hutoa miaka ile ambayo haitarudi tena. Ikiwa njia ni sawa, kheri ni kubwa. Na ikiwa njia ina kasoro, anayelipa ni mtoto, ambaye hana ulimi wa kushtaki. Huenda akatimiza miaka 12 akaacha madrasa na asirudi, na watu wakasema kuwa mtoto huyo hakuwa na hamu ya dini. Pengine hamu alikuwa nayo, ikafishwa akiwa bado mdogo.

Katika zama za karibu, mtu aliyeshughulika sana na swali hili alikuwa ni mwanamke wa Kitaliani, jina lake Maria Montessori. Alizaliwa mwaka 1870, akasomea udaktari katika mji wa Roma, akahitimu mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari katika nchi yake walikuwa wachache mno. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa pamoja na watoto walioonekana kuwa na upungufu wa akili, ambao wengine walikwisha kuwakatia tamaa. Akaona kuwa watoto hao, wakipewa vitu vya kushika, vya kupanga na vya kugeuza mikononi, huamka na hujifunza. Basi akajiuliza: ikiwa njia hii inawafaa hawa, kwa nini watoto wazima hawapewi?

Mwezi wa Januari, mwaka 1907, alipata nafasi ya kujibu swali lake. Katika mtaa wa San Lorenzo, mmoja katika mitaa ya masikini ya Roma, wazazi walikuwa wakienda kazini na kuwaacha watoto wao wakizurura ngazini na kuchafua kuta. Alikabidhiwa chumba na watoto hao, na mahali hapo pakaitwa Nyumba ya Watoto. Jambo hili lafaa kukumbukwa na watu wa mtaa kama Old Kampala: njia yake haikuanza katika jumba la matajiri wala katika bustani pana. Ilianza katika nyumba za kupanga, miongoni mwa watoto wa masikini.

Jambo alilolipinga mwanzo kabisa ni deski lililopigiliwa sakafuni. Katika shule za siku zile mtoto aliwekwa kwenye benchi asiloweza kulisogeza, akatakiwa asitikisike. Yeye aliwafananisha watoto hao na vipepeo waliochomwa pini na kubandikwa ubaoni: mabawa wanayo, lakini hayana kazi tena. Basi akatengeneza meza na viti vidogo, vyepesi, ambavyo mtoto mwenyewe aweza kuvibeba. Watu wakamwambia kuwa watoto wataviangusha na kufanya makelele. Jawabu lake kwa ufupi ni kwamba hiyo ndiyo faida yake. Kiti kizito kilichopigiliwa chini humficha mtoto mzito wa viungo. Kiti chepesi kikianguka humfundisha, bila ya mtu kumkemea, kwamba mwendo wake bado haujanyoka, na kesho atakichukua kwa uangalifu.

Hapa ndipo penye msingi wa elimu yake. Yeye aliona kuwa akili na viungo havikuumbwa kama majirani wawili wanaotenganishwa na ukuta. Mkono ni mjumbe wa akili. Mtoto haelewi "kubwa" na "ndogo" kwa kuambiwa, huelewa kwa kubeba. Kwa hivyo aliwatengenezea watoto mnara wa vipande 10 vya mti, cha kwanza kikiwa na sentimita 10 kila upande na cha mwisho kikiwa na sentimita 1. Mtoto huvibeba kimoja kimoja, huvipanga juu ya mkeka, na akikosea mnara wenyewe humwonyesha, maana macho yake huona pale palipokwenda upogo. Kadhalika zipo fimbo 10, fupi kabisa ina sentimita 10 na ndefu kabisa ina sentimita 100, ambazo mtoto huzichukua kwa mikono miwili, akajua urefu kwa kuunyosha mkono kabla hajaujua kwa hesabu. Na zipo herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, ambazo mtoto huzipitisha kidole huku akitamka sauti yake, hata mkono ukaijua herufi kabla kalamu haijashikwa.

Baada ya hayo zipo kazi za maisha ya kila siku: kumimina maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine bila ya kumwaga, kufunga na kufungua vifungo, kufagia, kufuta meza, kukunja nguo, kunawa mikono. Mtu mzima aona kuwa hizi ni kazi ndogo. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4 kila moja ni somo kamili lenye mwanzo, kati na mwisho. Atakiwa akumbuke mpango, auzuie mkono, atazame, angoje, na amalize alichokianza. Mtu aliyezoea kumaliza alichokianza akiwa na miaka 4 hana haja ya kusukumwa akiwa na miaka 14.

Pia huchorwa mstari sakafuni, na watoto huenda juu yake unyayo kwa unyayo, baadhi yao wamebeba kikombe cha maji au kengele ambayo haitakiwi ilie. Na liko zoezi la kimya, ambalo kwalo watoto wote hukaa bila ya sauti wala mtikisiko, hata wakasikia saa ikigonga na upepo ukipita nje, kisha kila mmoja huitwa jina lake kwa sauti ya chini kabisa, akainuka na kwenda bila ya kusikika. Huyu aliyepinga deski ndiye aliyewafundisha watoto kimya. Lakini kimya chake hakikutoka katika fimbo. Kilitoka kwa mtoto aliyekwisha kuvimiliki viungo vyake, kwa hiyo aliweza kuviendesha na aliweza kuvisimamisha.

Mwaka 1939 Maria Montessori alisafiri kwenda Bara Hindi, katika mji wa Madras, akakutwa huko na vita. Kwa kuwa alikuwa Mtaliani, serikali ya Kiingereza ilimzuia asiondoke, na akabaki huko mpaka mwaka 1946, akifundisha walimu zaidi ya 1,000. Nchi hiyo ndiyo asili ya wengi katika wafanya biashara waliojenga maduka ya Old Kampala. Alifariki Uholanzi mwaka 1952.

Sasa huenda mzee mmoja akauliza: "Haya ni ya Mtaliani, tena asiyekuwa Mwislamu. Yanatuhusu nini watu wa Kur'ani?" Swali hilo ni la haki, na halifai kujibiwa kwa kudharauliwa. Jawabu lake la kwanza ni kuwa hikima ni kitu kilichompotea Muumini. Akikiona popote, yeye ana haki nacho zaidi. Jawabu la pili lina nguvu zaidi: aliyoyatafuta mama huyu kwa miaka mingi, Waislamu wanayo katika ibada yao kila siku, ila wamezoea kuyaona hata hawayaoni tena.

Itazamwe sala. Dini ingaliweza kumtaka mja akae na afikiri tu. Lakini sala imefaridhiwa kwa mwili mzima: kusimama, kurukuu, kuitadili, kusujudu, kukaa, kugeuza uso kulia na kushoto. Ulimi unasoma, moyo unahudhuria, na viungo vinashuhudia. Na kabla ya sala upo udhu, nao ni kazi ya mikono yenye mpango usiovurugwa. Uso una zamu yake, mikono zamu yake, kichwa zamu yake, miguu zamu yake, na maji hayaruhusiwi kufanyiwa israfu hata mtu akiwa kando ya mto. Somo la kumimina maji bila ya kumwaga lilikuwa madrasani kabla Roma haijalijua. Lakini ni madrasa ngapi ambazo mtoto wa miaka 5 amepewa kopo lake na zamu yake, akatawadha mwenyewe pole pole huku mwalimu akimtazama? Mara nyingi mtoto huhifadhishwa nguzo za udhu kwa ulimi, akazitaja zote, na mikono yake haijui pa kuanzia.

Na itazamwe namna Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyofundisha. Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim khabari ya mtu aliyeingia msikitini akasali kwa haraka. Mtume akamwambia arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, na ikawa hivyo mara tatu, mpaka mtu yule mwenyewe akaomba afundishwe. Ndipo Mtume akamweleza kiungo baada ya kiungo: asimame, asome, arukuu mpaka atulie katika rukuu, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie katika sijida. Hakumpa mtu yule hotuba ndefu juu ya sala, wala hakumpiga. Alimwacha atende, akamwacha aone haja yake, kisha akamnyosha. Na masahaba waliamrishwa wasali kama walivyomwona yeye akisali, yaani wajifunze kwa macho na kwa viungo.

Katika khabari hiyo limo neno ambalo mafakihi wamelifanya kuwa mlango wa pekee, nalo ni tuma'nina, yaani kutulia katika kila nguzo. Hili ndilo jawabu la lile neno "Tulia!" lililosikiwa mwanzo. Katika sala utulivu haukuwekwa badala ya mwendo. Umewekwa ndani ya mwendo. Mtu hurukuu, kisha hutulia. Husujudu, kisha hutulia. Asiyeinama hawezi kutulia katika rukuu. Basi utulivu wa kweli ni tunda la mwendo ulionyoka. Mtoto aliyezuiwa asitikisike kwa hofu ya fimbo hakutulia. Amekamatwa tu, na mwalimu akitoka nje dakika moja, chumba kizima kitashuhudia.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika kitabu chake cha Ihyau Ulumiddin, katika mlango wa malezi ya watoto, kuwa mtoto akitoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema wa kumpumzisha na taabu ya masomo. Akaonya kuwa kumzuia mtoto asicheze na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake, huizima akili yake na humchukiza maisha, hata akatafuta hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Na katika mlango huo huo amehimiza kuwa mtoto azoezwe kutembea na kujinyosha mchana, usije uvivu ukamtawala. Naye Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameeleza katika Mukadima yake kuwa ukali juu ya wanafunzi, hasa walio wadogo, huwadhuru: huwaondolea uchangamfu, huwafundisha uvivu na uwongo, kwa kuwa mtoto hudhihirisha kisichokuwemo moyoni mwake ili ajiepushe na mkono wa adhabu. Hawa si watu wa jana, wala hawakuyachukua maneno yao Ulaya.

Na nani asiyejua ya Mtume mwenyewe na watoto? Alisali akiwa amembeba Umama, binti wa bintiye Zaynab. Akisujudu humweka chini, na akisimama humbeba tena. Mjukuu wake alimpanda mgongoni akiwa katika sijida, akairefusha sijida, na alipoulizwa akaeleza kuwa alichukia kumharakisha kabla hajatosheka. Ikiwa sijida ya Mtume wa Mwenyezi Mungu imemngojea mtoto atosheke na mchezo wake, somo la alifu na bee lashindwa kumngojea?

Pana jambo jingine ambalo wazee watalikumbuka. Chuo cha zamani, khususan katika pwani ya Waswahili, hakikuwa cha kukaa tu. Mtoto alikuwa na ubao wake. Aliuosha, akaukausha juani, akachonga kalamu yake, akachovya wino, akaandika aya kwa mkono wake, akaisoma mpaka akaihifadhi, kisha akaufuta ubao na kuanza tena. Mkono, jicho na ulimi vilisoma pamoja. Ilipokuja juzuu iliyopigwa chapa, ilikuwa neema kubwa, kwa kuwa kila mtoto alipata kitabu safi kisichokuwa na makosa. Lakini mkono uliachishwa kazi, na hakuna aliyeuliza utapewa kazi gani badala yake. Ukabaki kazi ya kushika ukurasa na kupokea fimbo. Haki pia inataka isemwe kwamba katika vyuo vingine vya zamani mtoto alitumwa kuni na maji mpaka kazi ikapita masomo. Hilo lilikuwa kosa la upande wa pili. Kazi ya mafunzo humfaa mtoto mwenyewe, na kazi ya utumwa humfaa anayemtuma. Tofauti yake ni kubwa.

Wengine watasema: "Njia hizi ni za wenye fedha." Kwa hawa pana mfano ulio karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walisikitika kuona watoto wao wanachelewa katika shule za serikali, wakamwomba Aga Khan msaada. Mwaka 1986 Wakfu wa Aga Khan ulianza kazi mjini Mombasa, na aliyeishika kazi hiyo tangu mwanzo alikuwa Bi Swafiya Said, mwalimu wa watoto wadogo. Kazi ikafika Zanzibar mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993. Njia yao haikuwa ile ya Montessori yenyewe. Waliyaunganisha mafunzo ya Kiislamu na maarifa ya malezi ya utotoni, na mtoto akapewa nafasi ya kuchagua kazi, kuitenda kwa mikono yake, na kueleza alichofanya. Walimu walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, wakafunzwa kazi, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana hapo hapo. Shule zilikuwa mali ya jamaa, chini ya misikiti na madrasa zao.

Wataalamu waliwapima watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliopitia shule za chekechea waliendelea katika mambo ya akili kuliko waliobaki nyumbani, na waliosoma katika hizo za madrasa waliendelea zaidi kuliko wenzao wa shule nyingine. Ama kwa njia ya Montessori yenyewe, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 uliwalinganisha watoto wa mji wa Milwaukee ambao nafasi zao za shule zilipatikana kwa kura. Watoto wa miaka 5 waliosoma kwa njia hiyo waliwashinda wenzao katika kusoma, katika hesabu, na katika kusuluhishana na wenzao.

Haifai kutia chumvi. Njia ya Montessori nayo ina wakosoaji tangu miaka yake ya mwanzo. Wako waliosema kuwa vifaa vyake vinamfunga mtoto, kwa kuwa kila kimoja kina matumizi yake maalumu, na kuwa mchezo wa kubuni hauna nafasi ya kutosha. Wako walioona kuwa shule nyingi zenye jina hilo zinauza jina tu. Basi jina lisiwadanganye wazazi. Madrasa isiyokuwa na jina la kigeni, yenye mwalimu mwenye subira na mtoto mwenye kazi mkononi, ni bora kuliko jengo lenye jina kubwa mlangoni na watoto waliofungwa vitini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za mwendo kwa siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za nguvu, kama kukimbia na kuruka. Tena asikae mahali pamoja kwa muda mrefu. Sasa ihesabiwe siku ya mtoto wa Old Kampala. Asubuhi amekaa shuleni. Njiani amebebwa katika gari au juu ya bodaboda. Alasiri amekaa madrasani. Jioni barabara imejaa magari, na mama, kwa hofu iliyo ya haki, anamfungia ndani, naye anakaa mbele ya simu. Je, dakika 180 zimepatikana wapi? Mtoto huyo akifika madrasani na kutikisa mguu, mguu wake unadai haki yake.

Basi yafanywe nini? Hakuna haja ya kungoja jengo jipya. Yako mambo ambayo madrasa yenye chumba kimoja yaweza kuyaanza wiki hii.

La kwanza, wadogo watengwe na wakubwa katika mpango wa masomo. Mtoto wa miaka 4 asisomeshwe kwa saa ya mtoto wa miaka 10. Somo la kukaa kwa mdogo lisipite robo ya saa, kisha ainuke. Katika saa mbili za madrasa zaweza kupatikana vipindi vinne vya kusoma na vinne vya mwendo, na mwalimu ataona kuwa robo ya saa ya moyo uliohudhuria yazaa kuliko saa nzima ya macho yaliyolala.

La pili, udhu na sala vifundishwe kwa kutendwa. Pawe na makopo madogo, ndoo, taulo, na zamu. Aliyemwaga maji apewe kitambaa apanguse, asipewe kofi.

La tatu, mkono urudishiwe kazi. Sinia ya mchanga safi yatosha kumfundisha mtoto kuandika alifu kwa kidole. Herufi za msasa zaweza kukatwa na fundi seremala wa mtaani kwa mabaki yake. Vizibo vya soda na maharagwe ni vya kuhesabia. Maganda makavu ya mgomba ni ya kusukia kamba na kufungia mpira, na kina mama wanaojua kusuka mikeka ni walimu tayari, wanangoja kualikwa tu.

La nne, kila siku pawe na wakati wa kukimbia. Uganda haina upungufu wa michezo: kuruka kamba, kwepena, mpira. Katika kilima hiki upo Msikiti wa Taifa uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Watoto wa madrasa wakipandishwa siku moja, wakahesabu ngazi kwa miguu yao, kisha wakautazama mji wa Kampala kutoka juu, watakuwa wamejifunza hesabu na jiografia, na wameona ukubwa wa alichokiumba Mwenyezi Mungu, kwa somo moja.

La tano, watoto wa kike wasisahauliwe. Mara nyingi mtoto wa kiume huachwa akimbie, na dadake huambiwa akae kwa adabu. Adabu ni wajibu wa wote wawili, na afya ni haki ya wote wawili. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume, na khabari hiyo imepokewa na Abu Daud. Asiyeona aibu katika khabari hiyo asione aibu katika binti wa miaka 6 kuruka kamba ndani ya ua wa madrasa.

La sita, fimbo iwekwe chini. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imekataza adhabu ya kupigwa katika shule. Lakini Mwislamu hangojei polisi amfundishe huruma. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kutikisika huunganisha katika moyo wake Kitabu na maumivu, na kuutenganisha muungano huo baadaye ni kazi ngumu mno.

Na yule anayechelea kuwa adabu itapotea, aende akatazame watoto wakibeba kikombe cha maji juu ya mstari. Ataona nyuso zilizokusanya fikira kuliko nyuso za watu wazima wengi katika safu ya sala. Mwendo usiokuwa na makusudio ni fujo, na hakuna aliyeuombea. Mwendo wenye makusudio ni mafunzo. Kazi ya mwalimu ni kumtoa mtoto katika ule wa kwanza na kumwingiza katika huu wa pili, kwa kumpa jambo la kufanya, kwa kumwonyesha pole pole, kisha kwa kurudi nyuma hatua mbili na kumwacha atende.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayetaka kufagia, na ufagio ni mrefu kuliko yeye, apewe ufagio mfupi, asiambiwe, "Toka hapa, utanichelewesha." Anayetaka kufunga vifungo vyake mwenyewe angojewe. Dakika tano za kungoja asubuhi ni sadaka ambayo mama ataiona thawabu yake hapa hapa duniani. Na baba anayekwenda msikitini kwa miguu amshike mtoto mkono, aende kwa hatua za mtoto, si mtoto akokotwe kwa hatua za baba.

Amana iliyopo mikononi mwa jamaa ni kubwa. Watu husahihisha hesabu za maduka kila jioni ili isipotee shilingi moja. Watoto hawa ni rasilimali isiyonunuliwa tena ikipotea. Kumpa mtoto nafasi ya kutumia viungo alivyopewa na Mola wake hakugharimu sana: mkeka, kopo, sinia ya mchanga, ua ulio safi, na mwalimu aliyesubiri. Na siku atakayosimama peke yake kusali, akarukuu na kutulia, akasujudu na kutulia, bila ya mtu nyuma yake wala fimbo mbele yake, ndipo itakapojulikana kuwa neno "Tulia" limemwingia.

Mwenyezi Mungu awabariki watoto wa Waislamu na watoto wa watu wote wa Uganda, awape walimu subira na wazazi hikima, na ajaalie madrasa za mji huu ziwe mahali ambapo mtoto hukimbilia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.